Kwarara wa Kamene

Jumanne, 7 Oktoba 2025
Kamene alikuja. Anatoka maabara, hukusanya kinyesi cha ndege wa porini kupima kama kuna virusi vya homa ya ndege. Mimi ni mtunza bustani tu hapa Lavington, lakini kwarara, wale ndege wenye midomo mirefu iliyopinda, wanalala kwenye mti wetu, na huo ndio ujamaa wetu. Aliinama na kijiti chake cha pamba, akasema asante Mutie. Sijawahi kusikia jina langu likitamkwa vizuri hivyo. Sasa ni kungoja tena wiki nzima.

Alhamisi, 9 Oktoba
Wazo! Nimekata matawi ya mti ili jua lifikie maua niliyompandia Kamene. Mama Nisreen, mwajiri wangu, amesifu sana. Jioni kwarara wakafika, wakazunguka, wakapiga kelele, wakaenda kulala kwa jirani. Mtunza bustani wa huko ni Kitavi. Kitavi ana meno mazuri.

Jumatatu, 13 Oktoba
Nimemwagia nyasi maji ili minyoo itoke. Minyoo ikatoka. Kwarara wakaja, wakashiba, wakaenda kujisaidia kwa Kitavi. Kitavi akachungulia juu ya ukuta: "Buda, hawa wageni wako wanalala kwangu hadi lini?" Pasipo kinyesi, Kamene hana haja na lango letu. Lakini kinyesi si ni kinyesi? Kule ninakopanga, Kinoo, mama mwenye nyumba anafuga mabata.

Jumanne, 14 Oktoba
Nilimwaga kinyesi cha bata chini ya mti mapema, kikiwa kibichi. Kamene akajaza vichupa vyake, akasema leo tumebarikiwa. Nilitamani asimalize. Alipovifunga kwenye kisanduku chake cha barafu, laiti angenifungia humo twende wote.

Jumatatu, 20 Oktoba
Amenipigia simu! Nilivaa shati safi kwanza, akapiga tena, nikapokea. Akauliza ni ndege gani yule. Nikasema kwarara. Akasema wakipima kinyesi, vinasaba (DNA) humtaja hata mwenyewe, na huyu ni bata wa kufugwa. Nikamwambia labda ni kwarara aliyeoa nje. Hakucheka. Virusi havikupatikana, lakini bustani yetu imeondolewa kwenye utafiti, kwa sababu wakidanganywa, ugonjwa utaingia bila wao kuuona. Niliona aibu kweli. Hata hivyo hakukata simu haraka.

Jumatano, 22 Oktoba
Jana alikuwa kwa Kitavi. Nilimsikia akicheka ng'ambo ya ukuta, nikashindwa kula chakula cha mchana. Nina hamu naye mpaka kifua kinauma.

Leo bawabu wetu ameniambia Kamene anaanza kupima korongo wenye vipara, wale wa majalala ya mjini. Hao hawataki maua. Wanataka uozo. Nimetoka soko la Kangemi na gunia la matumbo ya samaki, nimeyatandaza chini ya mti ili korongo waje, na Mama Nisreen amesafiri kwenda Mombasa. Safari hii kinyesi kitakuwa halali.