Mpira wa Maji wa Babu Kikohozi

Jumanne, 4 Machi

Mpira wa maji umepasuka. Hata kupasuka haukupasuka kwa adabu. Umechanika kutoka bombani mpaka katikati, kama suruali ya mlevi. Mjomba alikuwa keshapanda baiskeli, safari. Akautazama mpira, akanitazama na mimi. Akasema anarudi Jumamosi. Akikuta miche ya kabichi iko hai, kile kishamba cha chini kando ya mfereji ni changu. Ikiwa imekufa, anampa binamu.

Binamu! Yule tunayemwita Fundi Maneno! Jembe hajawahi kulishika ila kuliegemea. Kaniuliza mbele za watu eti sasa nitamwagilia kwa mate? Watu wakacheka. Mimi nikaangalia vidole vyangu vya miguu. Jibu zuri limenijia jioni. Nimemwambia mbuzi.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata akili! Kwenye kibanda cha jirani kuna mpira umeviringwa ukutani. Mnene, mweusi, haujachubuka popote. Wa marehemu Babu Kikohozi, tuliyemzika mwezi uliopita. Huyo babu hakufungua koki bila kukohoa kwanza, khoh, khoh. Alikuwa anasema hata maji ni mgeni, hayaingii shambani bila hodi.

Nikaenda kumwomba bibi, mjane wake. Nimesimama mlangoni. Hodi ikapanda mpaka kooni, ikakaa hapohapo. Ndani bibi anafagia. Mara ufagio ukanyamaza, kama naye anasikiliza. Nikarudi kinyumenyume, nikapitia kibandani.

Sijaiba. Nimeazima kimyakimya.

Nimekata sehemu isiyopasuka ya mpira wetu, niiunge na ule wa marehemu. Nimechovya ncha kwenye maji ya moto zilegee, nikapaka sabuni, nikasukumiza kipande cha bomba katikati, nikakaza kwa waya. Juu nikazungushia tyubu ya baiskeli. Kazi safi! Nusu wetu, nusu wa marehemu.

Nimefungua koki. Kimya. Mpira ukatetemeka. Halafu mdomoni mwake: khoh, khoh. Ndipo maji yakaja.

Ni hewa. Hewa ikibanwa inakohoa. Kila mtu anajua.

Alhamisi, 6 Machi

Jana niliulaza kwenye kabichi, koki nimefunga kwa mkono wangu. Leo asubuhi mdomo wa mpira uko ng'ambo ya ua, kwenye mchicha wa bibi. Mchicha umelowa, unacheka. Kabichi zetu zimekauka midomo.

Nikamshuku Fundi Maneno. Nimetafuta nyayo zake, hakuna. Udongo ni laini, lakini hata unyayo wa kuku hakuna. Kuna mchirizi mmoja tu, mrefu, kama wa nyoka asiye na haraka.

Nimeufunga mpira kwenye kigingi. Nikajibanza nyuma ya ghala nilinde. Jua la utosini, upepo hakuna. Binamu namwona kivulini, kalala mdomo wazi. Mpira ukajivuta. Taratibu. Kigingi kikachomoka kama jino bovu. Nikaukimbilia, nikaukamata.

Ulikuwa wa moto. Si moto wa jua. Ni joto la kiganja cha mtu.

Nikauachia. Mzee hatuvutani naye.

Ijumaa, 7 Machi

Bibi kaja kwenye mchicha wake. Nimelala chali nyuma ya ua. Anaongea na mpira! Anauuliza nani kakufunga waya hivi, baba, umechoka eeh? Kisha kapaza sauti. Kasema yule kijana wa jirani angepiga hodi tu, ningempa mpira wote, na toroli, na keni ya kumwagilia. Marehemu alimpenda, hana makelele. Ila kuchukuliwa vitu vyake bila hodi, hilo hataki mpaka kesho.

Akainua uso. Akawa anautazama ua, palepale nilipo. Anasubiri. Nikabana pumzi.

Mpira ukakohoa badala yangu.

Jioni Fundi Maneno kapita, kaniambia eti nizitandikie mkeka kabichi zangu, zinataka kulala.

Jumamosi, 8 Machi

Mjomba karudi. Binamu akawahi kumpokea baiskeli, pole shikamoo, pole shikamoo. Mjomba akauliza mpira uko wapi. Nikaonyesha. Kipande chetu kiko chini, waya umefunguliwa, tyubu imekunjwa vizuri kama shuka. Kipande cha marehemu hakipo. Nikachungulia kibandani. Kiko ukutani, kimeviringwa, mikunjo ileile.

Mjomba akazishika kabichi majani. Akasema roho bado zinazo. Ananipa mpaka Jumatatu. Zikisimama, kishamba changu. Zikifa, binamu aanze kulima kesho yake. Aliposikia kulima, binamu akakohoa. Hata mimi nikaruka.

Nimekoma! Mpira wa marehemu siugusi tena, hata kwa dawa.

Jumapili, 9 Machi

Nimeenda kwa bibi. Safari hii nipige hodi, liwalo na liwe. Mlango uko wazi. Bibi yupo peke yake, vikombe viwili mezani, vyote vinafuka moshi. Hodi ikapanda, ikakaa.

Nikapita nyuma.

Ile keni imekaa tu kibandani, haina kazi. Na keni si mpira! Haijikokoti, haikohoi. Naiazima mpaka kesho, kimyakimya. Nimeinyanyua: nzito. Imejaa maji mpaka shingoni, ya baridi, na kibanda hakina hata bomba. Bahati iliyoje! Hata kuteka sitateka.

Nikiwa natoka nayo, nyuma yangu pamekohoa. Mara mbili.

Sijageuka. Itakuwa hewa.