Malalamiko ya Marehemu Mtarajiwa Kuhusu Ukurasa Wake

Addis Ababa,
Mwezi wa Tikimt.

Kwa Weizero Yeshimebet Wubishet,
Katibu, Idiri ya Majirani wa Daraja la Mawe.

Binti yangu mheshimiwa,

KUH: UFUPI USIOVUMILIKA WA MAREHEMU MIMI

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mama yako na wale mapacha. Mimi pia ni mzima, na nakuomba uisome sentensi hiyo mara mbili, kwa sababu malalamiko yangu yote yamesimama juu yake. Naandika kwa mkono maana nilitumikia posta mpaka nikastaafu, na jambo zito siwezi kulituma kwa kidole gumba.

Kwanza nikiri kwamba sina ugomvi na tovuti kama tovuti. Idiri yetu kazi yake ni kuzikana na kufarijiana, na nusu ya wanachama sasa wanaishi Washington, kwa hiyo lazima wapate habari za misiba yetu kwa njia fulani. Tena naikumbuka vizuri tovuti ya zamani, iliyotengenezwa na yule fundi aliyehamia Toronto akaondoka na neno la siri. Mwenyekiti wetu wa wakati ule alifariki, tukamzika, tukamfanyia arobaini, na tovuti ikaendelea kuwakaribisha wageni kwa picha yake akitabasamu. Watu wa Washington walimwandikia salamu za Pasaka na kulalamika kwamba siku hizi amekuwa na maringo, hajibu. Ulipotuletea huu mfumo mpya wa kusimamia maudhui, ukasimama mkutanoni ukasema, "Hakuna tena kumsubiri fundi. Anayeweza kuandika ujumbe wa simu, anaweza kuandika kwenye tovuti," mimi ndiye niliyeanza kupiga makofi. Nayajutia makofi yale, na sababu zangu ni hizi:

1. Kila mtu anaandika. Ato Mola, mpiga tarumbeta wetu wa kutangaza misiba alfajiri, anaweka matangazo akiwa bado chini ya blanketi. Kina mama wa jikoni wanapanga humo zamu za kuoka injera, na wanazibadilisha wanavyotaka bila kumwuliza mwanamume yeyote. Mimi, msimamizi wa mahema, masufuria na mabenchi, nikapewa ufunguo wangu na kuambiwa niandike benchi gani limevunjika. Zamani benchi likivunjika ilikuwa siri yangu na seremala. Siku hizi dunia nzima inajua. Juzi kijana mmoja wa Washington, ambaye babake nilimzika mimi, ameniandikia mbele ya watu wote: "Gashe Bezabih, hayo mabenchi mnayakalia au mnapigana nayo?"

2. Rasimu. Nikiyatafuta mabenchi yangu humo, nikafungua mlango usiokuwa wangu, nikakuta tumekufa wote. Wazee wote wa mtaa, tumepangwa kwa alfabeti, kila mmoja na ukurasa wake wa tanzia, bado kutiwa tarehe tu. Sikukasirika. Najua kwamba Weizero Ehite alipofariki, watoto wake walilia hata hakuna aliyekumbuka mama yao alizaliwa wapi, na ukurasa wake ukakaa siku nzima na maneno "Tutawajulisha". Kuandaa mapema ni busara. Kibaya ni marehemu wangu. Namnukuu mzima mzima: "Ato Bezabih Woldeyes alikuwa mfanyakazi wa posta. Alitunza mabenchi." Basi. Binti yangu, posta hata kifurushi kilichopotea tulikiandikia maelezo marefu kuliko hayo.

3. Ato Gebre-Kidan Shibru. Huyu, kama ujuavyo, ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, na mfereji wa bati lake unamwaga maji uani kwangu tangu mapacha wako hawajazaliwa. Hatusalimiani. Msibani yeye hukaa mwanzo wa benchi, mimi mwisho, na mwenye bahati mbaya ya kukaa katikati hutupelekea maneno. "Mwambie Bezabih benchi lake linayumba." "Mwambie linayumba upande alioukalia yeye." Sasa mtu huyo, katika rasimu zenu, ana aya tatu na picha. Ameegemea lori lake la zamani kama kwamba alilizaa. Ameandikwa "dereva shupavu wa njia ya Assab, mcheshi, mwenye mkono wazi". Mkono wazi ni kweli, ndio ulioachia maji. Nilisoma aya zote tatu nikiwa nimesimama, na kwa bahati mbaya nilicheka, kwa maana kisa cha yule ngamia aliyepanda lori kimesimuliwa vizuri.

4. Mfumo wenu hausahau. Nimegundua kwamba kiolezo chenu kinampa kila marehemu, bure kabisa, maneno "mwenye upendo na subira kwa watu wote". Hata Ato Gebre-Kidan amepewa. Kwangu yamefutwa. Nikaambiwa kwamba mfumo hutunza kila toleo la ukurasa pamoja na jina la aliyelibadili, nami nikafurahi, nikasema leo jirani nimemkamata. Nikafungua. Jina lililoandikwa pale ni Weizero Askalech Bogale, mjumbe wa kina mama wa jikoni, ambaye pia ni mke wangu. Nilipomwuliza, hakuacha hata kuitikisa kahawa kikaangoni. "Mimi nimetoa subira tu," akasema. "Upendo umetoka wenyewe, vilikuwa vimeshikana." Nauliza kwa heshima: idiri inafaidika nini na chombo kinachotunza ushahidi ambao wenye ndoa wamejitahidi miaka yote kutouona?

5. Kwa sababu hizo naomba kamati ipitishe yafuatayo bila kuchelewa. Asiruhusiwe mwanachama yeyote kufariki kabla hajausoma ukurasa wake na kuutia sahihi. Akifariki kwa ukaidi, idiri isikitambue kifo hicho. Kurasa zote ziwe na urefu mmoja, na ziada ya Ato Gebre-Kidan ihamishiwe kwangu. Njia ya Assab nitaigeuza mwenyewe kuwa njia ya barua, na ngamia naweza kubaki naye. Tena, kwa kuwa nguo haijulikani kama inakaa mpaka ivaliwe, naomba ukurasa wangu ujaribiwe Jumapili moja mimi nikiwa hai. Hema lisimamishwe, watu waje, wanisifu kama kawaida, nami nikae nyuma ya pazia nikisikiliza. Sifa itakayokosekana iongezwe. Mabenchi nitatoa mwenyewe, yale mazima.

Mkikataa, nitahamia idiri ya ng'ambo ya mto. Hawana tovuti, hawana mfumo, na wanawasifu marehemu wao kwa mdomo mpaka jua linachwea.

Usinione mwenye majivuno, binti yangu. Ukweli ni kwamba naogopa. Nimekunja mahema mengi katika mtaa huu, na najua jinsi mambo yanavyokwisha: watu wanakaa siku tatu, wanakula ngano ya kuchemsha, wananyanyuka, na mimi nabeba mabenchi. Siku hizi kinachobaki ni ule ukurasa. Binti yangu Hirut atausoma huko Washington akiwa ndani ya treni, katikati ya watu wasiomjua, na ataambiwa kwamba baba yake alitunza mabenchi. Sitaki aambiwe hivyo tu.

Nisalimie mama yako, wasalimie mapacha, Ato Mola na pafu lake, kina mama wote wa jikoni isipokuwa mmoja ambaye nitamsalimia mwenyewe, na wanachama wa Washington wenye adabu.

Wako katika kuzikana,
mwanachama aliye hai,

Bezabih Woldeyes

Nyongeza: Nikiwa natafuta bahasha, niliona ni vizuri nikuandikie mwenyewe aya mbili za mfano kwenye ukurasa wangu, upate kuona zinavyopendeza. Kuna kitufe cha kuhifadhi na kitufe cha kuchapisha, na vyote viwili ni vya bluu. Kumbe mlinipa ruhusa pana kuliko macho yangu. Mfumo ulinitangaza papo hapo kuwa marehemu na kupeleka ujumbe kwenye simu za wanachama wote, na kwa haki nikiri kwamba unafanya kazi vizuri sana. Hirut nilimwahi kwa simu. Amecheka, akalia, kisha akanigombeza kwa muda mrefu. Wengine sikuwawahi. Ato Mola ameshapuliza tarumbeta mtaa mzima, na hema linasimama uani kwangu bila idhini ya msimamizi wa mahema. Askalech amenisukumia chumba cha nyuma: "Kaa humo humo. Ngano imeshachemka, watu nitawaambia nini?"

Nimechungulia dirishani. Aliyefika kabla ya wote ni Gebre-Kidan, kiatu mguu mmoja, shuka lake la pamba linaburuta chini. Wamemletea benchi, amekataa kulikalia. Amekaa kwenye tope akilia kwa sauti, na kila anayemshika bega anamwuliza, "Sasa nitagombana na nani? Hebu niambieni, nani kabaki anayenijua?"

Kwa hiyo yafute malalamiko yote matano. Rudisha ukurasa wangu kwenye rasimu na maneno yake machache yale yale, yanatosha. Ila pale mnapoorodhesha wafiwa, baada ya mke na mtoto, muandike na Gebre-Kidan Shibru. Nimeshavaa viatu. Natoka nikamsalimie.