Mjomba Mbele ya Panga Boi

Jumatatu, 3 Juni

"Hii ni ndege ya barua ya kawaida kabisa, injini moja kila bawa. Zimejaa tele kwenye albamu za watu." Maneno ya Darubini, mwenyekiti wa chama chetu cha kutambua ndege za kale, mbele ya wanachama wote, alipoiona nakala ya picha ya zamani niliyoileta, huku akifuta miwani.

Si kweli. Naandika kwa utulivu. Meza nimekwisha kuigonga vya kutosha mkutanoni.

Kivuli! Jua liko juu, kivuli cha bawa kimelala chini kimenyooka, hakina nundu. Injini ikikaa bawani, kivuli lazima kiwe na nundu. Basi injini ziko kwenye kiwiliwili: moja puani inavuta, moja kisogoni inasukuma. Ndiyo maana mkia umeshikwa na mihimili miwili, ili panga boi la nyuma lipate nafasi ya kuzunguka. Ndege za aina hiyo ni adimu, za kutafutwa kwa tochi.

Darubini akasema kivuli apewe muda akifikirie, ila kwanza nimwonyeshe panga boi la nyuma. Siwezi. Mbele yake amesimama mjomba.

Marehemu mjomba alikuwa akijaza ndege mafuta. Kiwanja kizima, upeo wa macho, na mahali pa kupigia picha akachagua pale pale.

Jumamosi maonyesho yanafunguliwa katika ukumbi wa abiria wa uwanja wa zamani. Ukuta mkuu ni wa picha moja tu, na chini yake jina la aliyeitambua ndege. Darubini anautaka kwa ajili ya ndege yake ya mabawa matatu. Labda mimi niwe kaburini.

Jumanne, 4 Juni

Kwa mkaza mjomba, kuazima picha yenyewe. Aliitoa ndani ya foronya. Hana nyingine ya mumewe.

Alinieleza, ingawa sikuuliza, kwamba mjomba miaka yote aliingia kazini kwa geti la mafuta. Ukumbi wa abiria hakuruhusiwa. Siku moja mvua ilimkimbiza akajibanza humo mlangoni. Akatolewa mbele za watu, kwa kuwa ananuka mafuta. Alirudi nyumbani, akaoga mara mbili, akalala.

Akauliza kama ni kweli sasa mumewe atatundikwa humo ndani. Nikamwambia si ndani tu, ukuta mkuu. Akasema basi Jumamosi atakuja, naye ataingia kwa mlango wa mbele. Akauliza kama shati la mumewe linaonekana vizuri, maana alilishona yeye.

Nikasema linaonekana mno. Tatizo ni hilo shati. Pana kama tanga.

Hakucheka. Sikuwa natania.

Jumatano, 5 Juni

Studio ya mpiga picha. Tukaikuza picha kwenye kompyuta. Juu ya bega la mjomba kuna kitu chembamba, cheusi. Ncha ya panga boi! Mpiga picha anasema huenda ni mkunjo wa karatasi. Mwache na mkunjo wake.

Nikamweleza mpango. Mjomba afutwe, na mahali pake lichorwe panga boi ambalo kwa hoja zangu lipo pale. Huo si udanganyifu. Ni kumwondoa mtu aliyeziba ukweli.

Mpiga picha akajikuna kichwa. Alisema watu humletea picha afute nguzo, afute mbwa, mara nyingine afute mume wa zamani. Hajawahi kuletewa afute mwenye picha. Akaniuliza mara mbili.

"Kaka, mzee abaki au aondoke?"

"Aondoke."

Nikamwambia elimu haina shemeji wala mjomba. Akashika kipanya, akaanza na miguu. Nilikwenda dirishani kutazama barabara, kwa sababu ya mwanga.

Alhamisi, 6 Juni

Picha iko tayari, na ile ya asili nimemrudishia mkaza mjomba. Safi. Panga boi limetulia mahali pake kama lilizaliwa hapo. Mpiga picha amefagia na ardhi, isibaki alama ya kivuli cha mjomba.

Na nimegundua jambo jipya! Kwenye mhimili wa mkia kuna kibanio kidogo cha ncha tano, kimeukumbatia mhimili kutoka juu. Sijakiona kwenye ndege yoyote, kitabu chochote. Nimekipima kwa rula. Nimekiandikia aya nzima katika maelezo ya ukutani, kwa herufi nzito: *Tazama kibanio cha ncha tano, alama pekee ya aina hii.*

Kamati ya maonyesho imepokea. Wamenipa ukuta. Darubini amepewa ujia wa vyooni. Nilimpa pole kwa sauti, ili na wengine wasikie.

Jumamosi, 8 Juni

Niandike kama ilivyotokea.

Ukumbi ulijaa. Darubini alikuja moja kwa moja kwangu, akasema amekifikiria kile kivuli tangu Jumatatu, nami nilisema kweli. Alikuwa na karatasi mfukoni, ameikubali hoja yangu kwa maandishi na kutia sahihi. Alitaka tu kukitazama kivuli tena mbele ya wanachama.

Tukageukia picha. Kivuli hakipo. Mpiga picha alipofagia kivuli cha mjomba alifagia na cha bawa, vilikuwa vimeungana. Ndege imekaa juu ya ardhi nyeupe kama nguo iliyoanikwa. Darubini akavua miwani, akaivaa. Akaniuliza taratibu picha hii nimeifanya nini. Nikajibu asome maelezo. Akaanza kusoma habari za kibanio.

Hapo mkaza mjomba akaingia, kwa mlango wa mbele. Viatu vipya vinambana. Watu wakampisha. Alitembea mbele ya kuta zote, anatafuta, mpaka akafika kwetu. Akaniuliza mjomba wako yuko ukuta gani.

Nikamweleza. Nilitumia maneno mepesi: alikuwa ameziba.

Alisogea, akanyoosha kidole, akakigusa kile kibanio.

"Huu mkono wake. Mwenyewe yuko wapi?"

Ulikuwa mkono kweli. Ukishaambiwa, huoni kingine. Mkono wa mtu umeshika ndege, na mtu hayupo.

"Hata hapa mmemtoa," akasema. Kisha akatoka, kwa mlango wa pembeni, uliokuwa karibu.

Kamati ikateremsha picha. Kutambua ndege za aina hii kunadai moyo mgumu. Ninao.

Jumapili, 9 Juni

Darubini amekwenda kwa mkaza mjomba. Nimeambiwa na jirani. Alikaa alasiri nzima, akaomba radhi kwa niaba ya chama. Nani alimtuma? Akaondoka ameikumbatia ile foronya, picha ikiwa ndani. Mimi nilipiga simu mara kadhaa. Simu ya mkaza mjomba inaita tu.

Jumatatu, 10 Juni

Ukuta mkuu una picha tena. Picha ya asili. Mjomba mzima, shati na kila kitu, ameziba panga boi. Chini yake jina lake na la baba yake, kwa herufi kubwa kama kiganja, na kazi yake: alijaza ndege mafuta katika uwanja huu. Halafu, kwa herufi ndogo kama sisimizi: *Ndege imetambuliwa na mpwa wake, kwa kivuli.*

Mpwa! Ndivyo ninavyoitwa mbele ya umma. Jina langu liko wapi? Mtu atafanyaje kazi yote kisha afutwe?

Mkaza mjomba alikuwapo. Ameketi benchi la abiria mbele ya picha, viatu amevivua, hana haraka. Mlinzi anasema amekuja tangu wamefungua. Nilimsalimu, akaitikia. Nikamwomba asogee kidogo, maana kichwa chake kilikuwa kinaziba bawa. Hakusogea.

Kwa hiyo nawaandikia nyinyi, wajane na yatima wa wote waliofanya kazi kwenye kile kiwanja, na karatasi hii nitaibandika getini kesho asubuhi: mnazo picha, mmezificha kwenye foronya. Zileteni kwangu, wala msimpelekee Darubini. Ndege nitazitambua mimi. Hao watu waliosimama mbele ya ndege hizo, niachieni, nitajua la kuwafanya.