Jina la Kaka Ndani ya Lori

Jumatatu, 3 Juni
Wamekuja! Watu wa filamu wametandaza nyaya zao barabara nzima. Wanarekodi habari za mwaka ule wanafunzi wa chuo walipomgomea Jenerali aliyekuwa akitutawala. Wanataka watu wa mtaani wa kujaza picha. Hatimaye nyota yangu imewaka!

Dada hachangamki. Ndiye aliyenilea. Mimi nilikuwa bado nabebwa mgongoni siku kaka yetu alipochukuliwa. Wanafunzi walirundikwa kwenye lori kama magunia, na lori lilipopita mitaani kila mmoja akapaza jina lake, ili walio njiani wakawaambie wazazi. Dada alikuwa kwenye foleni ya mkate. Akalisikia jina la kaka. Basi. Hakuonekana tena, na kaburi hatuna.

Leo kaacha kufua, kanishika kwa mikono yenye povu. Akasema, mdogo wangu, hilo lori watalionyesha. Ingia humo. Lipaze jina lake watu walisikie, hata mara moja tu. Dada hamwombi mtu yeyote kitu. Nimemwahidi.

Halafu nikaenda kujitazama kwenye kioo. Sijambo.

Jumanne, 4 Juni
Balaa. Lori ni la vijana. Mimi nina arobaini na kidogo, kitambi, na mvi. Kinyozi jirani yetu wamemchukua papo hapo awe askari, kwa sababu ya masharubu! Akaiambia foleni nzima kwamba mimi ni baba wa wanafunzi, kama si babu yao. Wakacheka hadi wa nyuma. Hasidi mkubwa.

Hata hivyo nilimeza, nikamwomba anipake rangi nywele. Akasema rangi imekwisha. Imekwisha! Kopo nimeliona kwa macho yangu, nyuma ya kioo.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nyumbani kuna dawa ya viatu, nyeusi, kopo zima.

Jumatano, 5 Juni
Nimepita! Nilikaa gizani nyuma ya vijana warefu, mkaguzi akanihesabu nao.

Dada alinitolea shati la kaka sandukuni. Limetunzwa miaka yote hiyo, limepigwa pasi. Nikalivaa. Likapasuka mgongoni, raaa! Dada alilichukua, akaenda kutafuta sindano. Niliona haya, kusema kweli.

Mchana jua likawaka, dawa ya viatu ikaanza kuyeyuka na kunitiririka usoni. Nikajua nimekwisha. Lo, bibi wa vipodozi akadhani ni majeraha ya kuchorwa! Akamsifu msaidizi wake. Nimewekwa ukingoni mwa lori, karibu na kamera. Kesho ndiyo siku. Mwongozaji kasema kila mmoja apaze jina analotaka. Jioni nzima nimefanya mazoezi ya jina la kaka, mpaka dada akasema inatosha, lala.

Alhamisi, 6 Juni
Sijui niandike vipi.

Dada aliomba awekwe kwenye foleni ya mkate. Wakamkubalia. Amesimama pale pale aliposimama zamani, na kikapu mkononi. Lori likaondoka. Kinyozi akanitandika rungu la mpira mara mbili, jambo ambalo hakuagizwa na mtu! Nikavumilia. Vijana wakaanza kupaza majina. Kamera ikanigeukia mimi. Mimi! Nikawaza: nchi nzima itaniona, na hakuna atakayejua huyu ni nani.

Nikafungua mdomo. Likatoka jina langu. Kamili, na la baba na la babu.

Dada akapiga yowe, akaanguka na kikapu chake. Mwongozaji akasema kata, safi sana, yule mama ni hazina.

Kinyozi ndiye aliyemnyanyua, na gwanda lake la askari. Nyumbani dada akaniambia polepole, bila hasira: barabara ile imeshanichukulia mmoja. Nimebaki na wewe tu, nawe unanipazia jina lako kutoka lori lile lile. Nimelia. Nimelia kweli kweli.

Ijumaa, 7 Juni
Dada hasemi nami. Chakula kaniachia jikoni kimefunikwa. Kinyozi kaja kumpa pole, wamekaa uani muda mrefu. Anajipendekeza huyu.

Lakini Mungu hamtupi mja wake! Fundi sauti kasema ngurumo za lori zimeyameza majina yote, hivyo kesho yatarekodiwa upya kwenye chumba cha sauti. Nikamweleza habari za kaka. Akaguswa, akasema basi mlete dada yako alitaje mwenyewe. Nikamjibu koo lake limeharibika kwa lile yowe. Nitakuja mimi.

Jioni dada akavunja kimya. Akasema, jina lake, si lako. Nimemwapia.

Jumamosi, 8 Juni
Chumba kidogo, magodoro ukutani, kipaza sauti kimoja. Taa nyekundu ikawaka. Nikalitaja jina la kaka. Sauti ikatetemeka. Nilitimiza!

Sasa, taa haikuzimwa. Kipaza sauti kikae bure? Nikaongeza langu. Mara moja tu.

Fundi akasema hapa nafasi ni ya jina moja, atachukua la pili, limetoka kwa nguvu zaidi. Nikataka kumkatalia, wallahi nilitaka. Akaniuliza kama nimewahi kuigiza mahali. Nikavuta kiti, tukazungumza.

Dada alikuwa akinisubiri nje na shati la kaka mkononi, kalishona lote. Akauliza kama nimelitaja. Nikasema nimelitaja. Uongo uko wapi hapo? Akanikumbatia, akalia, akasema sasa hata akifa leo ni sawa. Siku ya maonyesho anataka kukaa mbele kabisa, maana masikio yake yamechoka na hataki jina limpite.

Nimemwambia anishikie kiti cha pembeni yake.