Paneli Kumi kwa Jina Langu

Jumatatu, 19 Februari 2024
Mabopane nzima hakuna anayeijua kodi kama mimi, na shule niliiachia darasa la tisa. Leo nimemweleza shangazi Keneilwe: ukifunga paneli mpya za sola nyumbani, serikali inakupunguzia kodi kwa robo ya bei ya paneli. Mwisho tarehe 29. Shangazi ni muuguzi, kodi wanamkata kila mwezi. Akatoa akiba yake, randi elfu thelathini. Kasema robo ikirudi, anamalizia chumba cha uani, kinakuwa changu. Isiporudi, narudi Taung kwa mama, kuchunga mbuzi. Nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Alhamisi, 22 Februari
Paneli kumi ziko juu ya bati. Mimi nilishika ngazi, yaani kazi kubwa. Tebatso, jirani mwenye jenereta, akauliza hizo ni meza za kupigia pasi? Nikamwambia zangu hazinywi petroli.
“Zako?” akasema. “Wewe hata hizo soksi ni za shangazi yako.”
Imeniuma. Soksi ni zake kweli.

Jumatano, 28 Februari
Fundi Rasebotsa kaleta risiti na cheti cha usalama wa umeme. Shangazi yuko zamu. Fundi kauliza aandike nani kuwa mwenye nyumba. Tebatso kaegemea ukuta wetu, masikio yamemsimama. Nikataja kwa sauti: Olebogeng Mogapi, mimi mwenyewe. Kwenye karatasi zote mbili. Tebatso karudi kwenye jenereta yake. Siku tamu!

Jumanne, 16 Julai
Balaa. Dada anayewajazia wauguzi fomu za kodi kasema nafuu anapewa aliyeandikwa kwenye karatasi. Akauliza huyo Olebogeng analipa kodi kiasi gani. Nikajibu bado sijaanza. Basi, kasema, serikali haina cha kumpunguzia. Kuandika upya? Muda ulikwisha Februari. Nikamlaumu fundi, kisha kalamu yake, kisha Tebatso.
Shangazi hakufoka. “Basi la Taung ni Ijumaa, mwanangu.”

Jumatano, 17 Julai
Begi tayari. Nimempigia mjomba wa Taung, anayetaka kuchimba kisima, nikamwambia fomu zote za serikali aniachie mimi. Akauliza ya Mabopane yaliharibikia wapi. Nikasema kwa fundi. Kakubali, ananingoja.
Humu daftarini hakuna wa kunisikia. Fundi aliniuliza vizuri. Nilijua nyumba ni ya nani, nikataja jina langu.