Rangi Nyekundu Uani kwa Machibya

Revocatus alikula wali na sangara wa mchuzi hadi akashiba, kisha akanyoosha mikono asubiri kunawishwa. Mama mwenye kibanda akamwekea mezani kikombe kimoja cha maji. Kikombe cha kahawa, tena kile kidogo.

"Mama, hapa nanawa mikono au nameza dawa?" akauliza.

"Nawa vile vidole vilivyogusa samaki. Vingine si visafi?" mama akamjibu. "Hapa Mabatini maji tunanunua kwa ndoo, baba. Ukitaka ya kuchezea, ziwa lile pale."

Na kweli, ziwa lilikuwa lile pale. Kutoka kwenye kilima kile unaliona lote, maji mpaka macho yanachoka, halafu unageuka unatoa hela kununua ndoo. Watu walikuwa wamejenga katikati ya mawe makubwa, nyumba moja juu ya nyingine, na bomba kubwa la mji lilipita chini kabisa barabarani, likaenda zake kwa wenye bahati. Kilima kizima kilitegemea tangi la mtu mmoja, Mzee Machibya.

"Huyo mzee anayatoa wapi maji?" Revocatus akauliza.

"Anasema ana kisima uani." Mama alifuta meza. Jina lake Ng'washi, mwanamke mnene mwenye macho matulivu. "Kila akijisikia, anapandisha bei. Mimi nikipika sufuria mbili, faida yote inaishia kwake. Mwezi ujao nafunga kibanda, nirudi kulima kwetu Magu. Ndiyo hivyo."

Mtu mwingine angemhurumia. Revocatus naye alimhurumia, kwa muda wa kama dakika moja, halafu bongo ikaanza kuchemka.

Tumfahamu bwana huyu kidogo, maana anastahili heshima zake. Alitoka Bukoba, akafanya kazi miaka kumi na moja na wapima ardhi, kazi yake kushika fito wakati wenye elimu wanachungulia kwenye darubini. Watumishi walipopunguzwa, akapunguzwa. Aliondoka na kofia ngumu ya njano na darubini moja mbovu, miguu mitatu mizima lakini kioo hamna. Ilikuwa mwaka 1994, enzi za ruksa, na kila aliyepunguzwa alitakiwa ajiajiri. Revocatus akatii wito wa taifa, akajiajiri kwa kutapeli.

Tena wakati wenyewe ulikuwa mzuri. Kila kona kulikuwa na mradi, kila mradi una mfadhili, na kila mfadhili anataka wananchi wachangie kwanza ndipo naye alete mabomba. Wananchi walishazoea. Kilichokosekana pale Mabatini ni mtu wa kuja kuchangisha. Revocatus alikuwa anatafuta fedha za kununua mashine ya mtumbwi, ahamie Ukerewe, avue sangara na kuwa mtu wa heshima. Akaona Mungu kamjibu.

Jumatano asubuhi alipanda kilima na kofia yake, darubini begani, mkebe wa rangi nyekundu mkononi. Akaisimika darubini mbele ya kibanda cha Ng'washi, akafumba jicho moja, akachungulia tundu tupu kwa makini ya kutisha. Watu wakajaa.

"Shikamoo mama," akasema bila kuondoa jicho.

"Marahaba. Kumbe juzi nilimlisha injinia?"

"Sikutaka makuu. Mama, maji yanakuja. Mfadhili yupo, mabomba yapo. Anasubiri mchango wenu tu."

"Sisi mchango wetu ni majembe," akasema Ng'washi. "Mtaro tunachimba wenyewe. Kwetu kazi ya wengi inapigwa ngoma, inaisha siku moja."

Revocatus akacheka kwa upole, kicheko cha mtu aliyesoma. Mtaro aliuchukulia kuwa maneno ya mdomoni. "Majembe ni mazuri, mama, lakini mfadhili anapenda taslimu."

"Basi njoo Jumamosi asubuhi, wote watakuwepo. Utachukua chako." Akatazama juu kilimani, kisha akatazama chini barabarani. "Ila injinia, mimi sijasoma. Hilo bomba si lingepita kwa Machibya? Naona ndiko kuna mteremko mzuri."

Revocatus nusura ambusu. Alikuwa anatafuta sababu ya kumtisha mwenye tangi, na mama mtu anampa bure! Akageuza darubini, akachungulia, akatikisa kichwa kama mtu aliyegundua madini.

"Mama, ungesoma ungekuwa mkurugenzi," akasema.

Alianza kupaka. Mshale jiweni, namba jiweni, mshale mwingine, namba nyingine. Namba zenyewe alizitoa kichwani, na mbili zilikuwa tarehe ya kuzaliwa kwake. Mstari ukashuka hadi kwenye ukuta wa Machibya. Pale akapaka alama ya X, kubwa, nyekundu, inayodondoka. Akaingia uani akapaka ya pili kwenye tangi. Nchi hii hakuna mwenye nyumba asiyejua maana ya X nyekundu. Hata mtoto anajua kwamba nyumba hiyo inavunjwa.

Kesho yake Machibya akamwita. Alikaa kwenye kiti cha uvivu uani kwake, tumbo limetangulia, jasho linamtoka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hii X umeweka wewe?"

"Mimi ni mkono tu, mzee. Imewekwa na ramani."

"Ramani inakaa wapi, nikaongee nayo?"

"Inakaa Dodoma." Revocatus akavuta kigoda, akakaa mkao wa kula. "Lakini inasikia ukisema na mimi."

Machibya akamtazama, naye akamtazama. Wajanja wawili wakikutana hawahitaji mkalimani.

"Bomba lipite kwingine," mzee akasema.

"Wapi, mzee?"

"Popote! Lipite Bunda! Hapa uani mtu asichimbe, unanielewa? Hata shimo la kufukia paka nisilione."

Ukali ule ulimshangaza Revocatus. Alitegemea mzee ataogopea tangi, kumbe anaogopea udongo. Angekuwa na akili ya kuuliza angeuliza. Ila tamaa huwa haina muda wa maswali, na yeye alishakunjua mfuko wa rambo aliokuja nao umekunjwa, unachungulia mfukoni mwa shati. Mzee akaingia ndani, akatoka na noti za kuujaza. Walikubaliana kwamba Jumatatu injinia atafuta mstari na kuupaka upande wa pili wa kilima. Revocatus akatoka ameukumbatia mfuko kama mtu anayembeba mtoto mgonjwa, akapita mbele ya kibanda, akampungia mama mkono.

Meli ya Ukerewe ilikuwa inaondoka Jumamosi mchana. Mtu mwenye kiasi angekaa bandarini na mfuko wake akasubiri. Lakini kilima kizima kimechangishwa, hela zimekaa tu zinamsubiri, na yeye aziache? Jumamosi asubuhi akavaa kofia, akaupachika mfuko kwapani, akapanda Mabatini kuzichukua.

Akasikia ngoma kabla hajafika.

Walikuwa zaidi ya watu mia, wanaume kwa wanawake, wamejipanga kwenye mstari wake mwekundu. Ngoma ikilia majembe yanapanda pamoja, yanazungushwa hewani, yanashuka pamoja. Walianza tangu kunapambazuka. Mtaro ulikuwa umefuata kila mshale, umepinda pale alipopinda kwa sababu mkono ulichoka, umezunguka jiwe alilolizunguka ili akae kivulini. Na sasa ulikuwa umefika ukutani kwa Machibya.

"Injinia!" Ng'washi akamshika mkono kwa furaha, akaung'ang'ania. "Ulifikiri tunatania? Mchango wetu huu hapa!"

Machibya alikuwa kasimama mlangoni, mikono ameitanua. "Haipiti! Mwambie, injinia! Waambie ulivyoniambia!"

Watu wote wakamgeukia Revocatus. Ngoma ikanyamaza.

"Ndugu wananchi," akaanza, "kitaalamu, mstari huu unaweza... unaweza kuangaliwa upya."

"Kwa nini?" akauliza Ng'washi. "Si ulipima mwenyewe na darubini? Ulikosea?"

Hapo ndipo alipobanwa. Akisema alikosea, si injinia. Akisema hakukosea, wachimbe. Akisema ukweli, atatoka pale kwa machela.

"Sikukosea," akasema kwa sauti ndogo.

"Haya, injinia kasema!" mama akapaza sauti. "Halafu Mzee Machibya, tumeingia kwako. Unajua kwetu, ngoma ya majembe ikifika kwa mtu, huyo ndiye anayetupikia. Umeandaa nini?"

Watu wakaangua kicheko, ngoma ikalia, na majembe yakaingia uani. Machibya akakimbilia kwenye tangi, akalikumbatia. Hawakuligusa. Walichimba kandokando yake, na kabla hujamaliza kuhesabu hadi kumi jembe la kijana mmoja, Nkwabi, likalia ngaa! kwenye chuma.

Wakafukua kwa mikono. Lilikuwa bomba, jeusi, la baridi, limeloa jasho. Upande mmoja linaingia chini ya tangi. Upande wa pili linateremka moja kwa moja hadi kwenye bomba kubwa la mji, kule barabarani. Mita halina. Kisima nacho, walipofunua mfuniko wake, kilikuwa shimo kavu lenye viatu vya zamani.

Maskini Revocatus! Moyo wake ulimwuma, na si kwa aibu. Ulimwuma kwa wivu. Yeye anahangaika na mkebe wa rangi, kumbe kuna mtu amelilaza ziwa zima kitandani kwake miaka sita na hakuna aliyejua. Akamtazama Machibya kwa heshima ambayo hakuwahi kumpa hata baba yake.

Kina mama walikuwa wameanza kuokota mawe. Mmoja alikuwa analia kabisa, anataja ndoo zote alizobeba akiwa mjamzito. Ng'washi akapanda juu ya udongo.

"Wekeni chini mawe! Mawe hayajazi ndoo. Bwana wa maji huyu hapa, mpisheni." Mtu mwembamba mwenye daftari akajipenyeza mbele. Aliitwa Nurdin, wa ofisi ya maji, na mama alimwomba toka juzi aje Jumamosi kuona mtaro. "Nilimfuata mara tatu kumwambia nashuku kuna bomba la mji hapa uani. Akaniambia hawezi kubomoa uani kwa mtu kwa maneno ya mama ntilie, nikamwonyeshe. Haya, bwana Nurdin, umeona?"

"Nimeona," akasema Nurdin. "Faini ipo, na ni ya kulia. Hilo la mzee. Nyie mtaro mmeuchimba, na hapa bomba lipo. Mkiwa na mchango wa mabomba ya kupandisha juu, nafunga gati tatu za umma, za kuchotea maji, kabla ya mwezi kuisha. Mchango mnao?"

Watu wakatazamana. Majembe walikuwa nayo. Ng'washi akageuka polepole, akamtazama Revocatus, kisha akautazama mfuko ulio kwapani kwake.

"Tunao," akasema. "Mzee Machibya alishatoa. Alimkabidhi injinia Alhamisi, mfuko mzima. Niliuona ukiingia umekunjwa, nikauona ukitoka umeshiba. Mzee, si ndivyo? Au zile zilikuwa za kitu gani kingine? Sema, bwana Nurdin aandike."

Machibya akafungua mdomo. Akaitazama kalamu ya Nurdin, akayatazama mawe ambayo bado hayajaenda mbali, akaufunga. Akaufungua tena.

"Ni mchango wangu," akasema, kama mtu anayeng'olewa jino. "Kwa ajili ya... maendeleo."

Vigelegele vikapanda hadi bandarini. Watu wakampigia makofi mwizi wao, wakamnyanyua mikono juu, naye machozi yakamtoka. Mgeni angefikiri ni ya furaha. Revocatus akakabidhi mfuko kwa mikono miwili. Mikono ilikuwa inakataa kuachia, ikabidi mama auvute kidogo. Nkwabi akampa jembe, ngoma ikaanza tena, na kijana wa Bukoba akachimba hadi viganja vikachubuka, huku meli ya Ukerewe inapiga honi inaondoka.

Jioni Ng'washi alimwekea sahani ya ugali na sangara, na pembeni bakuli zima la maji.

"Mama," Revocatus akasema, "ulijua lini?"

"Siku ya kwanza. Nilisogea nikaona jicho lako kutoka upande wa pili wa darubini. Kioo kiko wapi?"

"Sasa mbona hukunisema?"

"Nikuseme, halafu nani atuingize uani kwa Machibya? Mimi na kanga yangu?" Akaketi, akajimegea ugali kwenye sahani ile ile. "Umenifungulia kibanda, mwanangu. Nilikuwa naondoka mwezi ujao. Nimekukasirikia, lakini asante."

Revocatus hakuwa amewahi kuambiwa asante na mtu ambaye yeye alimtapeli. Hakujua aweke uso gani. Akanawa, akala, akafika nusu ya sahani ndipo mama aliposema tena.

"Dada yangu Malimi anakaa Mkuyuni. Kuna tajiri kule kaziba njia ya maji ya mtaa, kajenga ukuta, anasema shamba lake. Amekataa viongozi, amekataa kila mtu. Nimemwambia dada kuna injinia."

"Mama! Mimi nimeacha. Nakuapia."

"Chakula atakupa yeye, pa kulala atakupa. Mfuko atashika yeye toka mwanzo."

Revocatus akalamba vidole kimoja baada ya kingine, anafikiri. Mashine ya mtumbwi imekwenda, meli imekwenda, heshima yenyewe hakuwa nayo. Akasogeza kigoda karibu.

"Huo ukuta," akauliza, "una urefu gani?"