Hereni ya Shahada

Jumatatu, 9 Juni 2025

Mwanangu Sekela amefika! Na gari la kampuni! Na dereva, na masanduku manne ambayo hata mwenyekiti haruhusiwi kuyakalia. Mtoto niliyemfundisha kuhesabu kwa punje za mahindi! Amesomea mitambo chuoni Mbeya, na sasa kampuni imemtuma kufunga mashine kwenye kituo chetu cha maziwa. Katika wilaya nzima wameanza na kijiji chetu, Kyimo. Katika mafundi wao wote wamemleta wangu. Jana kanisani nilisimama kutoa shukrani. Mchungaji aliniomba mara mbili nikae.

Nimempikia ndizi na maharage. Nikamuuliza mashine yenyewe inafanya kazi gani, nipate la kumwambia jirani yangu Elina. Mwanawe ni mwalimu kule Mpuguso, na sisi majirani hatujapumzika tangu aajiriwe.

Sekela akasema inasoma hereni za ng'ombe. Hizi za njano walizovishwa mwaka juzi. Ng'ombe anapita langoni, hata hasimami, mashine inalia piii, na kwenye skrini linatokea jina lake, mwenye mali, siku aliyozaliwa, na mama yake.

Nikauliza mama yake nani. Akasema mama yake ng'ombe, mama.

Mwiko ukanidondoka.

Daftari, nakwambia wewe tu. Mwaka 2017 kikundi chetu cha wafugaji kilinipa mtamba, Baraka, kwa sheria yetu ya kopa ng'ombe lipa ng'ombe: ndama jike wa kwanza unampa mwenzako anayefuata kwenye orodha. Aliyefuata ni Elina. Baraka akazaa jike, Machi 2019. Mume wangu alikuwa ndiyo kwanza amezikwa, na ndugu zake walishasema shule ya Sekela hawaijui. Nikatangaza ndama amekufa kwa kuhara. Nikampeleka Masukulu kwa mdogo wangu Tulia. Nikamwita Shahada, kwa sababu hiyo ndiyo kazi niliyompa. Alipoanza kukamuliwa, maziwa yake yote yalikwenda chuoni. Mwaka jana nikamrudisha nyumbani, nikasema nimemnunua.

Elina alikuja kunipa pole ya ndama na mkungu wa ndizi. Tulilia wote. Mimi nililia zaidi.

Sasa siku ya hereni Shahada alikuwa bado Masukulu. Tulia hajui kudanganya hata kwa kunyamaza. Aliandikisha yote. Mwenye mali: Atuganile wa Kyimo. Mama: Baraka. Kisha akanipigia simu kujisifu kwamba hakusahau kitu.

Ijumaa ni uzinduzi. Ng'ombe wote watapita kwa ajili ya chanjo. Skrini itawekwa juu, kila mtu aone.

Kyala, Mungu wangu! Nimemsomesha mtoto aje kunifunga.

Jumanne, 10 Juni

Nimeshinda kituoni nikimwangalia anavyofanya kazi. Wanaume watatu wanamsikiliza! Wamesimika nguzo kando ya kile kichochoro cha mbao wanamopitishwa ng'ombe wakati wa chanjo. Juu ya nguzo wametundika kitu bapa kama sinia kubwa la kijivu. Hilo ndilo sikio lake, ndilo linaloita hereni. Limewekwa usawa wa kichwa cha ng'ombe. Waya umepita ndani ya bomba chini ya ardhi mpaka ofisini, ng'ombe wasiutafune.

Nikamwambia kila aliyepita kwamba yule mwenye kofia ya njano ni wangu. Elina akasema anajua, mtoto kazaliwa yeye akiona.

Halafu Sekela akawaamuru vijana waondoe rundo la mabati kando ya nguzo. Akasema bati likikaa karibu linaichanganya mashine, inakuwa kama kipofu.

Bati! Nikarudi nyumbani mbio. Nikang'oa mawili ya mlango wa choo. Nikayabeba kichwani mpaka kituoni, nikayaegemeza pale pale kwenye sinia. Sekela akauliza ya nini. Nikasema jua lisije likaipiga mashine. Jua! Tukuyu, mwezi wa sita, ukungu tangu alfajiri, watu wamevaa masweta mawili mawili! Akanishika paji la uso kuona kama nina homa.

Nimeyabeba kurudi. Njiani Elina kaniuliza kama yule ng'ombe wangu wa kununua naye atakuja Ijumaa. Akasema kila akimwona anamkumbuka marehemu ndama wa Baraka. Masikio yale yale.

Sikulisikia swali. Nilijikwaa kwa makusudi.

Choo hakina mlango.

Jumatano, 11 Juni

Siku mbaya.

Saa sita mafundi walikwenda kula. Kituoni hakukuwa na mtu. Nikaona lile sinia bado halijakazwa sawasawa, skrubu ziko legelege. Nikaligeuza. Kidogo tu! Badala ya kutazama kichochoro likawa linatazama migomba. Nikasema moyoni, isome ndizi.

Saa nane wakaleta ng'ombe watano wa majaribio. Wa kwanza akapita. Kimya. Wa pili, kimya. Sekela akakagua waya, akafungua sanduku, akazima, akawasha, akapiga magoti kwenye matope na suruali ya kampuni. Kimya. Mwenyekiti wetu, Mzee Lugano, akaanza kukohoa kile kikohozi chake cha mikutano.

Simu ikaita. Bosi wake kutoka Dar, anaitwa Samson. Sekela alisema ndiyo bosi mara saba. Alipokata akaja kukaa karibu yangu. Akaniambia kwa sauti ndogo kwamba yuko kwenye kipindi cha majaribio, miezi mitatu, inaisha Ijumaa. Samson anakuja mwenyewe. Mashine ikikosea hata mara moja mbele ya watu, ajira hana.

Kuniambia hakuniambia! Kanisani nilishasema ameajiriwa kabisa!

Nilimpa kiporo cha ndizi, hakugusa. Mtoto anayekula kama mchimba mitaro! Midomo ilikuwa inamtetemeka kama siku ile ya kumzika baba yake. Mashine ikisoma, nimekwisha mimi. Isiposoma, amekwisha yeye.

Nikainuka. Nikasema sinia lina vumbi. Nikalifuta kwa kanga, nikalifuta kwa nguvu, mpaka likageuka lilikotoka.

Piii!

Watano wote! Sekela akanikumbatia na matope yake. Akasema labda lilihitaji mkono wa mama. Nikapiga vigelegele mpaka ng'ombe mmoja akaruka mbao.

Nilifika nyumbani ndipo nikamkumbuka Shahada. Inasoma. Mungu wangu, inasoma vizuri sana.

Alhamisi, 12 Juni

Nimeamka na akili!

Wakati wa chai nilimuuliza Sekela, kwa upole, kama vile namwonea huruma ng'ombe fulani wa mbali: je, aliyepoteza hereni yake anafanywaje? Akasema bwana mifugo anamvisha mpya pale pale, na anaandikishwa upya.

Upya! Kwa mdomo wa mwenye mali! Jina: Shahada. Mama: ng'ombe fulani wa Masukulu, amekwisha fariki, apumzike.

Sekela alipoondoka nikachukua koleo la kukatia waya la marehemu mume wangu nikaingia bandani. Nikamwambia Shahada asamehe. Nikakata kile kijiti cha plastiki kinachopita sikioni. Akanipiga teke la goti. Halali yake. Hereni ikaanguka kwenye majani. Nikailoweka, nikaisugua, nikaitazama. Kitu chepesi kama kifungo cha koti, na kinajua maisha yangu yote.

Kazi sasa ni kuificha. Nilitaka kuitupa chooni. Nikakumbuka Sekela alivyosema: hereni haina betri, haifi, imelala tu ikingoja kuitwa. Kitu kisichokufa ndani ya choo changu! Na mlango hakina! Kuichoma, itanuka jirani. Kuizika, kuku wa Elina hufukua hata kilichozikwa na serikali. Kuiacha ndani, Sekela ana tabia ya kupanga vitu vyangu kila asubuhi.

Nimeifunga kwenye pindo la kanga. Mafundo mawili. Ndipo ninapoweka kila kitu nisichotaka kionekane, na tangu niolewe hakuna aliyewahi kufungua.

Nimekula vizuri leo.

Ijumaa, 13 Juni

Sijui nianzie wapi.

Watu walijaa. Samson kaja na viatu vyeupe, Kyimo, kwenye matope! Shahada nilimfunga nyuma kabisa ya mstari. Bwana mifugo alishaona sikio tupu, akasema atamvisha mpya. Niliyesimama pale nilikuwa mwanamke mwenye amani.

Mzee Lugano akahutubia. Akasema mashine hii imefungwa na binti yetu, na si haki izinduliwe na ng'ombe. Akaomba mama mzazi wa fundi apite langoni wa kwanza, akate utepe wa jani la mgomba.

Mimi! Mbele ya Elina!

Nikainua mikono. Nikacheza. Nikaingia kichochoroni na vigelegele, kanga mpya kiunoni. Hapana, si mpya. Ile ile. Yenye mafundo.

Piii!

Skrini ikawaka, na Mzee Lugano, anayependa kusoma hadharani, akasoma: "Shahada. Jike. Kazaliwa Machi 2019. Mama yake, Baraka. Mwenye mali, Atuganile. Chanjo, bado."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Bwana mifugo akainua sindano akaniuliza paja la kushoto au la kulia. Elina akasema nimekua haraka kwa umri wangu.

Lakini Sekela hakucheka. Alikuwa mweupe kama unga. Samson alitoa daftari lake, akasema kwa sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia: "Sekela, mashine yako inasoma watu."

Sekela akasema haiwezekani, bosi. Akaniomba nipite tena.

Nilitaka ardhi ipasuke. Nikapita nikijibana kwenye mbao. Piii! Shahada, jike. Samson akaanza kuandika. Niliona kalamu inavyokwenda. Ilikuwa inaandika maisha ya mwanangu.

Na hapo, Daftari, hofu yangu yote ya siku tano ilipanda mpaka kichwani, ikakuta kuna hasira imekaa. Mashine ya mwanangu mbovu? Ya Sekela wangu?

"Weka kalamu chini, baba!" nikasema. "Mashine ya mwanangu haikosei!"

Nikafungua fundo la kwanza. Nikafungua la pili. Kwa meno, vidole vilikuwa havinisikii. Nikainua hereni juu.

Hata ng'ombe wakaacha kutafuna. Nikasema yote. Nikasema ndama hakufa. Nikasema imemsoma ndani ya mafundo mawili, ndani ya kanga, kwa mtu anayecheza! Nikamuuliza Samson kama Dar kuna mashine ya hivyo.

Samson akasema hapana. Akafuta alichoandika.

Elina akaja taratibu mpaka usoni pangu. Nikafumba macho. Akasema: "Mama Sekela. Nilimlilia ndama yule. Nikakuletea mkungu wangu wa mwisho."

Nikasema, ndugu yangu, hata mimi nililia.

Akasema, "Ulikula ndizi nane."

Jumamosi, 14 Juni

Kikao cha kikundi. Saa tatu mpaka saa saba. Nilikaa kwenye kigoda cha chini kuliko wote.

Hukumu: Shahada anakwenda kwa Elina leo hii, na mimba yake. Na mkungu wa ndizi. Na kwa kosa la kuficha, Baraka akizaa, ndama akiwa jike ni wa kikundi, atakwenda kwa mwingine kwenye orodha. Mzee Lugano akaniuliza kama nimejifunza. Nikasema nimejifunza sana. Nililia, na safari hii Elina alinitazama kwanza machozi kama ni ya kweli, ndipo akanipa kitambaa.

Nilimpeleka Shahada mwenyewe kwa kamba. Mlangoni kwa Elina aligeuka kuniangalia. Siandiki zaidi ya hapo.

Sekela hakusema nami mpaka jioni. Ameajiriwa! Barua ameipata! Nikasubiri anitukane. Akauliza tu: kumbe ada yangu ilikuwa Shahada? Nikasema ndiyo. Akakaa. Kisha akainuka, akapiga misumari mabati yote mawili kwenye mlango wa choo. Akaniomba nimwahidi kwamba sitarudia. Nimeahidi.

Jumatano, 25 Juni

Baraka amezaa! Saa kumi na moja alfajiri, peke yake, bila kusumbua mtu. Ndama mwekundu, ana baka jeupe kwenye paji la uso. Anasimama kama mtu mwenye cheo. Jike.

Nilimtazama sana. Sekela anasema angetamani kurudi chuo baadaye, asome zaidi. Alisema hivyo kwa kupita tu. Mama hasikii kwa kupita.

Nimemwita Uzamili.

Saa mbili Mzee Lugano kapiga simu kuuliza. Nimemwambia dume. Tena dhaifu, sidhani kama atafika Jumapili. Akasema pole. Nikalia kidogo.

Nimempigia Tulia. Nimemwambia atengeneze kibanda, na safari hii akija mtu wa hereni aseme hajui kitu, asahau hata mimi ni nani yake.

Mchana Sekela kapiga. Kazi inakwenda vizuri! Wiki ijayo anafunga mashine nyingine, kubwa kuliko ya kwetu. Nikamuuliza wapi. Akasema Masukulu.

Nilikaa kwenye kigoda. Jasho lote la mwezi huu likarudi mahali pake.

Halafu nikainuka. Sina haja ya kanga tena. Bati linaichanganya, inakuwa kama kipofu, na aliyesema hivyo ni mtaalamu. Wakimvisha Uzamili hereni, naikata, naitia kwenye kopo kubwa la maziwa ya unga ninalo, na kifuniko chake.

Elina yuko mlangoni. Amekuja kunipa pole ya ndama. Hajaleta ndizi. Ameleta bwana mifugo.